Kuandika programu kwa saa chache kwa wiki katika kampuni changa ya akili unde: mwongozo kwa mwanafunzi wa chuo

Kila muhula maswali ni yaleyale. Nianzie wapi? Lazima niwe nimefundisha modeli yangu mwenyewe, yaani programu ya akili unde iliyojifunza kutokana na data? Niko mwaka wa pili, nitachukuliwa? Watanilipa, au wataniambia napata uzoefu? Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa Dar es Salaam, Dodoma, Nairobi au kwingineko Afrika Mashariki anayetaka kazi ya pati taimu, saa 10 hadi 15 kwa wiki, katika kampuni changa inayojenga huduma zake juu ya akili unde. Walio masomoni Ulaya na Amerika wana aya yao kwenye hatua ya 7.

Jambo moja lielewe kwanza. Kampuni ya watu watano au kumi haimchukui mwanafunzi ili afundishe modeli. Modeli wanaikodi kwa API (njia ya programu moja kuitumia nyingine kupitia mtandao), au wanachukua iliyo wazi kwa kila mtu. Kinachowanyima usingizi ni yanayoizunguka: data chafu, majibu ambayo hakuna anayeyapima, miunganisho inayokatika bila taarifa, majaribio ya programu ambayo hayajawahi kuandikwa. Hapo ndipo mtu wa saa 12 kwa wiki anafaa, kwa sababu kazi hizo hukatwa vipande vidogo vinavyoweza kuisha. Hatua zote zinazofuata zinalenga kuonyesha kwamba wewe ukishika kipande, unakimaliza.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Laptopu yenye RAM ya GB 8 na diski ya SSD. Ukitaka kuendesha Docker (zana ya kuendesha programu ndani ya kisanduku chake) bila mateso, GB 16. Kadi ya GPU, ya kuharakisha hesabu za modeli, si lazima.
- Python ya kukuwezesha kuandika skripti ya mistari 200 bila kunakili. Git, ya kutunza historia ya msimbo (code): tawi, komiti (badiliko lililohifadhiwa), kuunganisha, na kutatua mgongano pale watu wawili walipogusa mstari mmoja. SQL hadi JOIN na GROUP BY. Uelewa wa HTTP na JSON.
- Hisabati ya wastani, asilimia na uwezekano wa msingi. Kazi nyingi za mwanafunzi hazivuki hapo.
- Akaunti ya GitHub. Ukithibitisha kuwa mwanafunzi unapewa bure GitHub Student Developer Pack, yenye zana ambazo wengine huzilipia.
- Laini mbili za simu za mitandao tofauti zenye bando. Mtandao mmoja ukizimika katikati ya kikao, unawasha hotspoti ya pili.
- Kitambulisho cha taifa, TIN (Tanzania) au PIN ya KRA (Kenya), na akaunti ya benki au ya pesa kwa simu iliyosajiliwa kwa jina lako mwenyewe, si la binamu.
- Ratiba ya muhula, pamoja na tarehe za majaribio na mitihani.

Vyeti vya kozi za mtandaoni havina madhara, ila mara chache hubadili uamuzi wa mtu anayeajiri. Mwaka wa masomo nao si kikwazo kikubwa. Wa mwaka wa pili mwenye mradi unaoendeshwa humshinda wa mwaka wa nne mwenye CV ndefu tu.

Hatua ya 1: Hesabu saa zako kabla ya kuzitangaza

Chukua ratiba ya wiki. Toa mihadhara, maabara, semina, safari, kulala, ibada, chakula, na saa za kusoma mwenyewe. Kinachobaki kigawe kwa mbili. Nusu hiyo ndiyo unayoweza kuiahidi kampuni. Nusu nyingine italiwa na foleni, umeme kukatika na kazi ya kikundi ambayo wenzako hawajaigusa. Wengi wakipiga hesabu hii kwa ukweli hubaki na saa 10 hadi 14.

Saa hizo zipange kwa mafungu ya saa tatu au nne. Saa 12 zikiwa mafungu matatu ya saa nne zinazaa kazi. Zikiwa vipande sita vya saa mbili, nusu saa ya mwanzo ya kila kipande inaishia kusoma ujumbe na kukumbuka ulipoachia, na nusu saa ya mwisho unaogopa kuanza kitu kipya. Fungu moja au mawili yaangukie saa ambazo kampuni iko kazini, uweze kuuliza na kujibiwa papo hapo. Yaliyobaki yanaweza kuwa usiku au Jumamosi.

Hatua ya 2: Chagua kipande kimoja cha kazi

Usijitambulishe kama mtu wa kila kitu. Vipande vinavyompata mwanafunzi kazi ni vitatu hivi:

- Tathmini: kuandaa maswali ya kupimia, kuendesha modeli, kuhesabu makosa, kutoa ripoti.
- Data: kukusanya, kusafisha, kuondoa nakala zinazojirudia, kuficha majina na namba za simu.
- Miunganisho: kuunganisha modeli na WhatsApp, SMS, malipo au hifadhidata ya mteja kwa kutumia, tuseme, FastAPI na PostgreSQL.

Kwa anayejua Kiswahili vizuri, ushauri wetu ni tathmini. Kampuni nyingi zina huduma inayozungumza Kiswahili na hazina namba yoyote inayoonyesha inakizungumza vizuri kiasi gani. Ukija na kipimo, umekuja na kitu ambacho mhandisi mkuu hana muda wa kukitengeneza.

Hatua ya 3: Jenga mradi mmoja wa kuonyesha, kwa wiki nne

Chukua kesi ndogo inayoeleweka: mteja wa huduma ya kupeleka mizigo anaandika ujumbe, na programu inapaswa kutoa kiasi cha pesa, saa na tarehe. Pima modeli inakosea wapi.

*Wiki ya kwanza, maswali.* Andika ujumbe 120 kwa mkono wako. Usimwombe roboti akuandikie, kwa sababu ataandika Kiswahili cha kitabuni ambacho wateja hawakitumii. Gawanya hivi:

- 40 za pesa: "laki moja na nusu" ni 150,000, "buku jero" ni 1,500, "msimbazi" ni 10,000. Kwa Nairobi, "thao" ni 1,000 na "soo mbili" ni 200.
- 40 za saa na tarehe. Hapa ndipo modeli huanguka sana, kwa kusoma saa zetu kwa hesabu ya Kizungu. "Saa mbili usiku" ni 20:00, si 02:00. "Saa nane mchana" ni 14:00. "Saa kumi na moja alfajiri" ni 05:00. Weka pia "kesho kutwa", "tarehe mosi" na "usiku wa kuamkia Jumatatu".
- 40 za maandishi ya mtaani: vifupisho, herufi zilizorukwa, Kiswahili na Kiingereza ndani ya sentensi moja.

Kila ujumbe uwe mstari mmoja wa JSON ndani ya faili moja:

`{"id": "saa-017", "aina": "saa", "swali": "mzigo uje kesho saa mbili usiku tafadhali", "jibu": "20:00"}`

Mpe rafiki maswali 30 ayajibu bila kuona majibu yako. Mkitofautiana, ama swali lina utata ama jibu lako si sahihi. Rekebisha au lifute.

*Wiki ya pili, skripti.* Skripti isome faili, itume kila ujumbe kwa modeli, ihifadhi jibu. Kwa kila jibu hifadhi pia jina kamili la modeli na toleo lake, tarehe, maelekezo uliyoyatuma, tokeni (vipande vya maneno ambavyo modeli husoma na kutozwa) zilizoingia na zilizotoka, sekunde ilizochukua, na jibu ghafi kabla hujaligusa. Wanaosahau kuhifadhi jibu ghafi hulazimika kulipia upya kila wanapobadilisha namna ya kusahihisha.

Weka mpangilio wa halijoto (temperature), unaoamua majibu yabadilikebadilike kiasi gani, kuwa 0, lakini usidhani basi majibu hayatabadilika. Yanaweza kutofautiana kidogo hata hivyo. Endesha mara tatu na uonyeshe tofauti. Seva ikirudisha kosa 429, maana yake unatuma haraka kupita kiwango chako: subiri sekunde 1, kisha 2, 4, 8, na baada ya majaribio matano acha na uandike kosa kwenye faili.

Kuhusu gharama, piga hesabu kabla ya kubonyeza. Maelekezo na ujumbe vikiwa tokeni 600 na jibu tokeni 200, maswali 120 ni tokeni 72,000 za kuingia na 24,000 za kutoka kwa mzunguko mmoja. Zidisha kwa bei ya modeli, kisha kwa mizunguko mitatu. Anza na maswali 10 hadi skripti itulie. Kumbuka kwamba Kiswahili hukatwa tokeni nyingi kuliko Kiingereza chenye maana ileile, kwa hiyo bajeti iliyopigwa kwa mfano wa Kiingereza itakupungukia.

Kama huna kadi ya malipo, tumia modeli iliyo wazi. Google Colab ya bure mara nyingi hukupa GPU ya T4 yenye GB 16. Modeli ya vigezo bilioni 7 (vigezo ni namba ilizojifunza), kila kimoja kikihifadhiwa kwa biti 16, inakula kama GB 14 kwa uzito wake pekee, ikikuachia nafasi finyu mno. Iliyobanwa hadi biti 4 inatosha kwa kama GB 4. Kwenye laptopu ya GB 8, baki kwenye bilioni 1 hadi 3 zilizobanwa, ukitumia programu ya llama.cpp, na uwe na subira.

*Wiki ya tatu, kusahihisha.* Modeli moja itajibu "20:00", nyingine "8:00 PM", nyingine "saa 2 usiku". Zote ni sahihi. Andika kitendakazi (function) kinachozileta kwenye umbo moja, na kwa pytest, zana ya majaribio ya Python, andika majaribio yasiyopungua 15 ya kitendakazi hicho. Hiki kipande kidogo ndicho kitakachosomwa kwa makini kuliko vyote, kwa sababu kikikosea, asilimia zako zote ni uongo. Ukitaka modeli nyingine iwe msahihishaji, kwanza sahihisha majibu 30 kwa mkono na uone mnakubaliana mara ngapi.

*Wiki ya nne, README.* Hili ni faili la maelezo ya mradi. Ukurasa mmoja: mradi unapima nini, amri tatu za kuuendesha, jedwali la matokeo kwa kila aina, makosa kumi mabaya zaidi kama yalivyotoka, na mambo usiyoyapima. Kisha nakili mradi kwenye folda mpya, tengeneza mazingira mapya ya Python, ufuate README yako neno kwa neno. Mara ya kwanza huwa haufanyi kazi. Faili moja ulisahau kuiweka, au maktaba moja haimo kwenye orodha.

Onyo kuhusu funguo za API, yaani nywila za kuitumia modeli: ufunguo ukae kwenye faili ya .env, na .env iwe ndani ya .gitignore (orodha ya faili ambazo Git inaziruka) kabla ya komiti ya kwanza. Ukishaupandisha GitHub kwa bahati mbaya, kuufuta katika komiti inayofuata hakusaidii, bado umo kwenye historia na kuna roboti zinazozunguka kuzisaka. Kwanza batilisha ufunguo kwa aliyeutoa. Usafi wa historia baadaye.

Onyo la pili: usilete roboti wa kujibu maswali kuhusu faili la PDF. Kila mwombaji anaye.

Hatua ya 4: Tafuta kampuni yenye shida unayoijua

Matangazo rasmi ya kazi za saa chache kwa wanafunzi ni machache. Nafasi nyingi hutokea kwa sababu mtu alijulikana. Dar es Salaam pitia matukio ya Buni Hub iliyo chini ya COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia. Nairobi kuna iHub, iliyopo tangu 2010. Fuatilia IndabaX, mikutano ya nchi kwa nchi iliyozaliwa na Deep Learning Indaba (mkutano wa akili unde wa Afrika), na jumuiya ya Masakhane inayoshughulikia lugha za Afrika. Mashindano ya data ya jukwaa la Zindi nayo yanaonyesha kampuni zipi zina data na zinahangaika na nini. Angalia pia mashirika yasiyojiita kampuni za teknolojia: Jacaranda Health ya Kenya, inayohudumia wajawazito kwa SMS, ndiyo iliyotengeneza UlizaLlama, modeli inayojibu kwa Kiswahili.

Orodhesha kampuni 15. Kila moja tumia huduma yake kwa nusu saa kama mteja wa kawaida, na uandike kosa moja ambalo mtu mwingine akifuata hatua zako atalipata vilevile. Kampuni isiyo na huduma inayoonekana popote, yenye tovuti ya maneno matamu tu, iondoe kwenye orodha. Utabaki na nane hivi.

Hatua ya 5: Andika ujumbe mfupi

Tuma kwa kampuni tano kwa mara moja, kwa mtu anayesimamia uhandisi au kwa mwanzilishi. Usitume kwa sanduku la jumla kama unaweza kuepuka. Mfano:

> Habari za kazi. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa sayansi ya kompyuta. Nimeijaribu huduma yenu ya oda: nikiandika "nileteeni saa mbili usiku", oda inasajiliwa 02:00. Picha tatu nimeambatisha. Nimetengeneza kipimo cha maswali 120 ya saa, pesa na lugha ya mtaani, kiungo kiko chini. Nina saa 12 kwa wiki: Jumanne na Alhamisi saa nane hadi saa kumi na mbili jioni, na Jumamosi asubuhi. Ningependa kuwaandalia kipimo kama hiki kwa huduma yenu kwa mkataba wa miezi mitatu wa malipo. Je, tunaweza kuongea dakika 20 wiki hii?

Shida yao imetangulia, kazi imefuata, saa zimetajwa kwa siku, na neno malipo limo. Ukimjua unayemwandikia ni mtu mzima kwako, "Shikamoo" haidharauliwi hata kwenye sekta hii, lakini isiwe ujumbe mzima. Ukikaa siku tano za kazi bila jibu, kumbusha mara moja tu. Kisha songa.

Onyo: kosa ulilogundua likiwa la kiusalama, mfano unaona oda za watu wengine, usilitangaze hadharani wala usiendelee kuchimba. Waambie faraghani, usiambatishe taarifa za wateja.

Hatua ya 6: Usaili na kazi ya majaribio

Usaili wa kampuni changa mara nyingi ni mazungumzo juu ya mradi wako. Jiandae kueleza kwa nini ulichagua ulichochagua na wapi kipimo chako ni dhaifu. Ukiulizwa usilolijua, sema hujui na ueleze ungelitafutaje. Anayekuhoji anajua jibu; anachopima ni kama utamdanganya siku seva itakapoanguka.

Kazi ya majaribio ya saa tatu au nne ni ya haki. Ikizidi siku nzima, omba ilipwe. Na kama unachoombwa ni kipande kinachoingia moja kwa moja kwenye huduma yao, hiyo ni kazi, siyo jaribio.

Uliza maswali haya kabla ya kuondoka:

- Nani atapitia msimbo wangu, na kwa kawaida huchukua muda gani?
- Nitaandika msimbo, au nitaweka lebo kwenye data? Kuweka lebo ni kazi halali, lakini isiitwe uhandisi.
- Pesa za miezi mitatu ijayo zipo?

Swali la mwisho linaonekana la ukali kwa mwanafunzi. Liulize kwa upole, ila liulize.

Hatua ya 7: Mkataba na pesa

Usianze bila karatasi, hata iwe kurasa mbili. Iandike saa za juu kwa wiki, kiwango kwa saa, siku ya kulipwa, nani anagharamia API na bando, muda wa notisi (wiki mbili zinatosha), na wiki za mitihani ambazo hutafanya kazi.

Malipo kwa saa yenye kikomo ndiyo salama zaidi kwako. Malipo kwa kipande yanafaa tu pale kipande kinapoelezeka kikamilifu, na kazi za akili unde hazielezeki hivyo: "boresha majibu" haina mwisho. Mshahara mdogo wa mwezi bila idadi ya saa ndio mtego mkubwa, kwa kuwa saa 12 huwa 25 bila mtu yeyote kusema neno.

Kuhusu hisa badala ya pesa: utaratibu ulioenea ni hisa kuwa zako kidogokidogo kwa miaka minne, na ukiondoka kabla mwaka wa kwanza haujaisha hupati hata moja. Mwanafunzi wa miezi sita kwa masharti hayo anaondoka mikono mitupu. Hisa zipokee zikiwa nyongeza juu ya malipo.

Soma kifungu cha umiliki. Ni kawaida kazi uliyoifanya kwa saa zao kuwa mali yao. Si kawaida wao kumiliki mradi wako wa mwaka wa mwisho au mradi wa hatua ya 3. Uviorodheshe kwa majina kama vitu vyako vya awali.

Kodi. Tanzania, ukiwa mtoa huduma mkaazi, kampuni hukata kodi ya zuio ya 5% kwenye malipo yako na inapaswa kukupa cheti chake, kidai, kitakufaa. Ukiwa mwajiriwa, PAYE (kodi ya mshahara) huanza mshahara unapozidi Sh 270,000 kwa mwezi, na mchango wako wa NSSF ni 10%. Kenya nako zuio la ada za kitaalamu kwa mkaazi ni 5%, malipo ya mwezi yakifika KSh 24,000. Mtu yeyote anayekudai pesa za "usajili" au "vifaa" ili akuajiri ni tapeli, hakuna mjadala.

Kwa walio nje: viza inatangulia kila kitu. Marekani, mwenye viza ya mwanafunzi ya F-1 ana saa 20 kwa wiki ndani ya chuo wakati wa muhula, na kazi ya nje ya chuo inahitaji idhini kama CPT (mafunzo kwa vitendo yaliyo sehemu ya masomo), ambayo kwa kawaida hupatikana baada ya mwaka mzima wa masomo. Uingereza, mwanafunzi wa shahada huruhusiwa saa 20 wakati wa muhula na hana ruhusa ya kujiajiri, kwa hiyo mkataba wa mtoa huduma huru haukufai. Kanada ni saa 24 kwa wiki nje ya chuo tangu Novemba 2024. Ujerumani ni siku 140 kamili au nusu siku 280 kwa mwaka. Pitia ofisi ya wanafunzi wa kimataifa kabla ya kusaini, hata kama kampuni iko Nairobi na wewe unafanyia kazi bwenini.

Hatua ya 8: Wiki mbili za kwanza

Siku ya kwanza endesha mfumo wao kwenye laptopu yako, ukiandika kila kilichokukwamisha. Orodha hiyo irudishe kama marekebisho ya README yao. Ni mchango wa siku ya kwanza usiohitaji ruhusa ya mtu, nao huupenda.

Kisha omba kazi inayoweza kuisha ndani ya fungu moja la saa nne. Mabadiliko yako yasizidi mistari 200 hivi kwa mara moja. Zaidi ya hapo mpitiaji ataahirisha, na wewe ukiahirishiwa Jumanne unarudi Alhamisi. Kwa sababu hiyo, fungua ombi la kupitiwa (pull request) kabla hujafunga laptopu, hata kama kazi imefika nusu, ukiandika "haijakamilika". Watu waipitie wewe ukiwa darasani. Hapa ndipo wa saa chache hujiokoa: mapitio yatokee muda ambao wewe haupo kazini.

Mwisho wa kila fungu acha mistari mitatu kwenye mazungumzo ya timu: nilichomaliza, kilichonikwamisha, nitakachoanza nacho nikirudi. Mstari wa tatu ni wako mwenyewe zaidi ya wao.

Data ya wateja isitoke. Usiibandike kwenye roboti wa bure wa mtandaoni ili "akusaidie kuisafisha", usiibebe kwenye flashi, usiionyeshe kwenye ripoti ya chuo. Tanzania kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na zote zinagusa majina na namba za simu unazozishika. Kwa majaribio tengeneza data ya kubuni.

Msimbo ulioandikwa na akili unde unaruhusiwa kwenye kampuni nyingi, lakini jina lililo kwenye komiti ni lako. Usitume mstari usioweza kuueleza.

Hatua ya 9: Linda masomo

Peleka tarehe za majaribio na UE (mitihani ya mwisho wa muhula) mwanzoni mwa muhula, si wiki moja kabla. Punguza hadi saa sita wiki mbili kabla ya mitihani, na sifuri wakati wa mitihani yenyewe. Kampuni iliyokuchukua ukiwa mwanafunzi inapaswa kulijua hilo. Ukiona unaanza kukosa maabara au sapu (mitihani ya marudio) zinaongezeka, kata saa mara moja. Pesa ya mwezi hailipi kudisko, yaani kuondolewa chuoni kwa kufeli.

Kama chuo chako kina mafunzo kwa vitendo ya lazima, muulize mratibu mapema kama kazi hii inaweza kuhesabiwa wakati wa likizo ndefu. Mara nyingi watataka barua ya kampuni na msimamizi wa kusaini kitabu cha kumbukumbu.

Yakikwama

*Nimetuma ujumbe 15, kimya.* Tazama kama ulionyesha kosa lao mahususi au ulijisifu tu. Kisha mwombe mtu asiyejua mradi wako aufungue kwa simu: akishindwa kuelewa ndani ya dakika mbili unahusu nini, mwanzo wa README ndio wenye tatizo.

*Matokeo yangu ni mazuri mno, 97%.* Shuku. Huenda jibu limo ndani ya maelekezo, au maswali yako ni mepesi na yanafanana. Ongeza maandishi ya mtaani na usome majibu 20 kwa macho.

*Jana ilipata 81%, leo 74%, sijabadilisha kitu.* Angalia jina la modeli. Majina yasiyo na tarehe ya toleo hubadilishwa ndani na mtoaji. Tumia jina lenye toleo kamili. Kama halijabadilika, hesabu majibu matupu: mara nyingi ni makosa ya 429 yaliyohesabiwa kama majibu mabaya.

*Kosa 401.* Ufunguo haujasomwa, umebatilishwa, au una nafasi tupu mwishoni uliyoinakili nayo.

*Jibu la JSON limekatika katikati.* Kikomo cha tokeni za kutoka ni kidogo. Kiongeze, au omba sehemu chache zaidi.

*Mapitio yanachukua wiki nzima.* Punguza ukubwa wa mabadiliko, kisha omba mpitiaji mmoja anayejulikana na dakika 15 za pamoja kila wiki. Bila hilo, saa zako zinapotea kusubiri, na mwisho wa mwezi itaonekana hukufanya kitu.

*Saa zimevuka kikomo.* Andika siku hiyohiyo: "Nimefikisha saa 12, kilichobaki ni hiki, niendelee kwa malipo au kisubiri Jumanne?" Jibu litakaloandikwa ndilo utakaloonyesha siku ya malipo.

*Malipo yamechelewa.* Siku ya tatu kumbusha kwa maandishi. Siku ya kumi na nne simamisha kazi mpya, kabidhi uliyoishika kwa maelezo mafupi, na usifute wala kuficha kitu chochote kwenye mifumo yao. Mkataba, orodha ya saa na komiti zenye tarehe ndizo zitakazokusemea, hivyo nakala ya mkataba na ya orodha ya saa zikae kwenye barua pepe yako binafsi tangu siku ya kwanza.